Picha ya Java kwenye kalenda: nchi ilikuwa hivyo kweli?

Mwalimu mmoja wa Morogoro ameniandikia hivi: "Nafundisha historia na sanaa, sekondari. Rafiki yangu aliniletea kalenda ya zamani yenye picha za kisiwa cha Java zilizochorwa na Wazungu katika miaka ya 1800. Ninayoipenda zaidi imeandikwa chini 'A. Salm'. Nyuma kuna mlima wa volkano, pembeni mti mkubwa, katikati majaruba ya mpunga na barabara, na watu wadogo kama siafu. Niliibandika darasani. Mwanafunzi akauliza, 'Mwalimu, nchi ilikuwa hivi kweli au Wazungu walijitungia tu?' Nikakosa la kumwambia. Nimjibu nini?"

Mwalimu, huyo mwanafunzi mtunze. Swali lake limewatoa jasho watu walioisomea kazi hii miaka mingi, na mimi ni mmoja wao. Ukitaka jibu la kumpa wakati kengele imeshagonga, mwambie: kwenye majani mwamini mchoraji, kwenye watu mtilie shaka. Ukiwa na kipindi kizima, endelea kusoma.

Naanza na majani, kwa sababu siku hizi wengi hudhani kila kilichochorwa na mkoloni ni ndoto. Sivyo. Waingereza walipoirudisha Java, kisiwa ambacho leo ni sehemu ya Indonesia, kwa Waholanzi mwaka 1816, serikali ya Uholanzi ilimtuma huko Caspar Reinwardt, mtaalamu wa mimea, ambaye mwaka 1817 alianzisha bustani ya mimea ya Bogor, mji ambao Waholanzi waliuita Buitenzorg. Mwaka huohuo alifika mchoraji wa kufanya naye kazi, Mbelgiji Antoine Payen. Payen hakuletwa kupamba sebule za watu. Aliajiriwa achore milima, maporomoko ya maji, miti na makazi, ili waliokaa Ulaya wajue serikali yao imeshika nini mkononi. Ni kazi iliyofanana na ya mpima ardhi, ila kwa brashi. Mchoraji wa namna hiyo akichanganya mnazi na mpopoo, kuna bwana mimea pembeni wa kumsahihisha.

Hamu hiyo ilichochewa sana na Alexander von Humboldt, Mjerumani aliyezunguka Amerika ya Kusini na Meksiko kuanzia 1799 hadi 1804. Humboldt alishikilia kwamba kila ukanda wa dunia una sura yake ya mimea, kama kila mtu alivyo na uso wake, na kwamba mchoraji asiyeuona uso huo kwa macho yake atabaki kubahatisha. Vijana wengi walimsikia. Huko Java alikuwepo Mjerumani mwingine, Franz Junghuhn, daktari aliyepanda volkano moja baada ya nyingine, akapima, akaandika na kuchora mwenyewe. Albamu yake ya litografia (picha zinazochapwa kutoka kwenye jiwe) 11 za mandhari ya Java ilitoka miaka ya 1853 na 1854. Ukiziangalia unaona namna mvua inavyochimba mifereji kwenye ubavu wa volkano, na mahali msitu unapoishia na majani ya mlimani kuanza. Mtu wa jiolojia anaweza kukaa mbele ya picha hizo akajifunza kitu hata leo.

Kwa hiyo mlima ulio kwenye kalenda yako ulikuwepo. Mpunga ulikuwepo. Hata mti, yamkini, ulikuwepo mahali fulani, ingawa si lazima uwe pale ulipochorwa.

Mti huo wa pembeni ndio unaonifanya nisikuache uende zako. Angalia picha nyingine za kalenda hiyohiyo. Naweka dau kwamba katika nyingi kuna mti au kichaka cheusi upande mmoja, karibu na jicho, kama pazia lililosogezwa. Baada yake panakuja mwanga katikati, mara nyingi kwenye maji, kisha milima ya rangi ya samawati inayofifia. Mpangilio huo si wa Java. Umetoka kwa Claude Lorrain, Mfaransa aliyechora mashamba ya kando ya Roma katika miaka ya 1600, na Waingereza wakauabudu mpaka wakautengenezea kifaa. Kilikuwa kioo kidogo cheusi chenye mgongo wa kubinuka. Mtalii alisimama mbele ya bonde zuri, akaligeuzia kisogo, akalitazama kwenye kioo, kwa sababu kioo kilipunguza makali ya rangi na kulikusanya bonde lote likafanana na kazi ya Claude. (Kabla hatujawacheka, tukumbuke wangapi kati yetu wamefika Kilimanjaro wakaupa mlima mgongo ili wauone kwenye simu.)

Mchoraji aliyeenda nchi za joto alikwenda na mpangilio huo kichwani. Na utaratibu wa kazi ulimsaidia kuutumia. Rangi ya mafuta ilikuwa mateso kwenye joto na unyevu: haikauki, inaota ukungu, wadudu wanaifuata, na kabla ya mwaka 1841, John Goffe Rand alipobuni tyubu ya bati, rangi ilibebwa kwenye vibofu vya nguruwe vilivyopasuka mizigoni. Basi porini mtu alichora kwa penseli na rangi za maji, akaandika vidokezo, na kanvasi kubwa akaijaza baadaye akiwa amekaa kwenye chumba chake cha kazi Ulaya. Payen aliondoka Java mwaka 1826, na picha zake za mafuta za kisiwa hicho akazichora akiwa Tournai, Ubelgiji, akitazama michoro yake ya zamani. Kati ya penseli na mafuta kulikuwa na bahari nzima, na humo ndimo Claude alimopandia chombo.

Kuna jambo jingine ambalo wanafunzi wako wataling'amua haraka kuliko mwanafunzi wa London, nalo ni jua. Mpangilio wa Claude unahitaji mwanga wa kulala, unaotoka ubavuni na kurefusha vivuli. Sasa wewe unajua jua letu. Linachomoza, ukigeuka kidogo limeshapanda, na kuanzia saa nne mpaka saa tisa ni jua la utosi, kivuli chako kimeingia chini ya nyayo. Magharibi nayo haikawii, mara giza. Java iko karibu na ikweta vilevile. Lakini tazama picha: ni saa kumi na mbili asubuhi kwenye kila ukurasa, au saa kumi na moja jioni isiyokwisha. Muda ambao watu hasa hufanya kazi shambani umetupwa nje ya fremu kwa sababu haupendezi. Sidhani mchoraji alikusudia kuficha jasho. Alitafuta kivuli kizuri, na jasho likaondoka pamoja na mchana.

Kijani nacho kina hadithi yake. Wanunuzi wa Ulaya walizoea picha zilizogeuka hudhurungi kwa vanishi na umri, wakaona kijani cha kweli cha mpunga mchanga ni kelele. Waliothubutu walikuwa na kijani cha zumaridi, kilichokuwa na aseniki kiasi kwamba kiliuzwa pia kuua wadudu na panya. Kuanzia mwaka 1859, Guignet alipopata hati ya kutengeneza viridiani huko Paris, wachoraji wakapata kijani kikali kisicho na sumu hiyo. Sitalitia chumvi hili, ila ukiona picha ya kitropiki ya kabla ya hapo imepauka kama jani la muhogo lililonyauka, usidhani nchi ilikuwa na ukame.

Sasa watu, wale siafu wako.

Mwaka 1830 gavana mkuu Johannes van den Bosch alianzisha Java mfumo wa kilimo cha shuruti. Kwa maandishi, kijiji kilitakiwa kutenga sehemu moja ya tano ya ardhi yake kwa mazao ya serikali: kahawa, miwa, nila. Asiye na ardhi alitoa siku 66 za kazi kwa mwaka. Kwa vitendo, sehemu ya tano ilivuka mara nyingi, na siku 66 hazikuwa na mhesabu upande wa mkulima. Wazee wa Tanga waliowahi kusikia neno shokoa, yaani kazi ya kulazimishwa, hawahitaji kuelezwa zaidi. Kati ya 1831 na 1877 hazina ya Uholanzi ilipokea kutoka kisiwa hicho zaidi ya gilda (fedha ya Uholanzi) milioni 800. Zililipa madeni na kujenga reli, za kwao. Mwaka 1849 na 1850, katika wilaya za Demak na Grobogan, Java ya Kati, njaa iliua watu wengi mno, kwenye ardhi ambayo katika picha inameremeta kwa mpunga.

Barabara je? Picha nyingi za Java zina barabara nzuri inayopanda mlima kwa mizunguko, na farasi wa posta. Gavana mkuu Herman Willem Daendels aliamuru mwaka 1808 kujengwa kwa Barabara Kuu ya Posta, kutoka Anyer magharibi hadi Panarukan mashariki, takriban kilomita 1,000. Ilijengwa kwa shuruti, na maelfu walifia humo. Kipande kinachovuka mlima Megamendung, karibu na Bogor, kilipendwa mno na wachoraji. Ndani ya picha barabara inafanya kazi ya kuliongoza jicho kutoka mbele hadi mlimani. Nani aliyeichimba, jicho haliulizi.

Usinielewe kwamba watu wamefutwa. Wangefutwa ningekuwa na kesi rahisi. Wamo, na wachoraji walijua kuwachora. Kuna mwanamke mwenye bakuli kichwani, mchunga nyati, wazee wawili kivulini. Wamewekwa kwa sababu mbili: kuonyesha ukubwa wa mlima, na kumwambia mtazamaji kwamba hapa pana amani. Wamesimama au wanatembea taratibu. Ni nadra umwone mtu ameinama. Wanafunzi wako wahesabu migongo iliyoinama kwenye kalenda nzima, halafu uwaulize mpunga unapandwaje.

Tuje kwa huyo Salm wako. Abraham Salm hakuwa mchoraji wa kuajiriwa na serikali. Alikuwa mfanyabiashara wa Kiholanzi aliyelima tumbaku upande wa Malang, Java Mashariki, akichora kwa mapenzi yake. Picha zake 24 ziligeuzwa litografia za rangi huko Amsterdam na J. C. Greive, zikauzwa kwa watu waliokuwa na jamaa, hisa au kumbukumbu Java. Ukilijua hilo, picha inabadilika bila kuguswa. Anayekuonyesha shamba ni mwenye shamba, na mnunuzi naye ana fungu lake huko. Ni kama picha ya nyumba iliyopigwa na dalali. Kuta zimo kweli, mabati yamo kweli, ila maji ya mvua yanaingilia wapi, utajionea ukishahamia.

Wapo waliochora kabla hata ukoloni haujafika, na hao ni kundi lao. Thomas Baines, Mwingereza wa King's Lynn, aliingia kwenye msafara wa Livingstone wa mto Zambezi mwaka 1858 kama mchoraji na mtunza stoo. Mwaka uliofuata Livingstone alimfukuza kwa tuhuma ya wizi, ambayo Baines aliikana maisha yake yote. Hakukata tamaa. Mwaka 1862 alifika kwenye maporomoko ya Mosi-oa-Tunya akitokea pwani ya magharibi pamoja na James Chapman, akawa mchoraji wa kwanza wa Kizungu kuyachora maporomoko hayo akiwa papo hapo. Michoro yake ameiandika tarehe na mahali, na mibuyu aliyoichora Mei 1862 katika nchi ambayo leo ni Botswana bado imesimama, watalii huenda kuilinganisha. Huyo ukimwita mwongo kwenye majani, mibuyu itamtetea. Lakini katika albamu yake ya 1865 maporomoko hayo yanaitwa Victoria, na jina hilo ndilo lililozunguka Ulaya pamoja na rangi zake.

Karibu zaidi na kwetu yupo Harry Johnston, aliyesomea uchoraji shule ya Royal Academy, London. Mwaka 1884 alikaa miezi kadhaa kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kwanza kwa Mangi Rindi wa Moshi, ambaye Wazungu walimwita Mandara. Alikwenda kukusanya mimea na wanyama, akachora mlima na mabonde yake, na akarudi pia na mikataba. Ule wa Taveta baadaye uliingia mikononi mwa kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki. Mkono uliochora migomba ya Wachaga ndio ulioshika kalamu ya mkataba, na sidhani yeye mwenyewe aliziona kuwa kazi mbili. Na Wilhelm Kuhnert, Mjerumani maarufu kwa simba na tembo walio peke yao kwenye nyika isiyo na mtu, alikuwako Mahenge, mkoani kwako, vita vya Majimaji vilipofika bomani mwaka 1905. Nyika ile tupu, Mwalimu, ilichorwa na mtu aliyejua vizuri kwamba haikuwa tupu.

Sasa nataka uwape wanafunzi jina moja ambalo kalenda yako huenda haina. Payen alipokuwa Java alimfundisha mtoto mmoja wa ukoo wa kikabaila wa Kijava, mzaliwa wa karibu na Semarang. Jina lake Raden Saleh. Mwaka 1829 kijana huyo alipelekwa Uholanzi, akakaa Ulaya zaidi ya miaka 20, akapokelewa kwenye majumba ya wafalme wa Ujerumani, akarudi kwao mwaka 1852. Aliijua kanuni ya Claude vizuri kuliko Waholanzi wengi, na aliitumia. Amechora Megamendung kwa mti wa pembeni na milima ya samawati kama mwalimu wake. Wapo wanaomlaumu kwa hilo. Mimi simlaumu. Fundi hutumia zana alizofundishwa, na cha kutazama ni anachokifanya nazo siku jambo linapomhusu.

Siku hiyo ilifika. Mwaka 1825 Mwanamfalme Diponegoro aliongoza vita dhidi ya Waholanzi, vita vilivyoua Wajava wapatao 200,000. Tarehe 28 Machi 1830, Idi pili, alikuja Magelang kwa mazungumzo, na Jenerali de Kock akamkamata hapohapo. Mchoraji wa Kiholanzi Nicolaas Pieneman, ambaye hakuwahi kukanyaga Java, akapewa kazi ya kuchora tukio. Picha yake iko kwenye makumbusho ya Rijksmuseum, Amsterdam, na nimewahi kusimama mbele yake muda mrefu kuliko mlinzi alivyopenda. De Kock yuko ngazi ya juu, ananyoosha mkono kuelekeza gari la farasi. Diponegoro yuko ngazi moja chini yake, ametulia kama mtoto aliyekosa. Bendera ya Uholanzi inapepea. Picha imeitwa kujisalimisha.

Mwaka 1857 Raden Saleh alichora tukio lilelile, akalipa jina la kukamatwa. Bendera ameiondoa. De Kock na Diponegoro wamesimama sawa, na uso wa mwanamfalme una hasira iliyobanwa meno. Wajava waliomzunguka hawana kris, yaani majambia ya Kijava, viunoni, maana walikuja Idi, hawakuja vitani. Halafu kuna vichwa vya maofisa wa Kiholanzi: vimezidi kidogo kwa miili yao. Haiwezekani iwe ni kwa kushindwa kuchora, kwa sababu vichwa vya Wajava kwenye kanvasi hiyohiyo vina vipimo sahihi. Mchoraji huyo akaichukua picha na kumpelekea zawadi Mfalme Willem wa Tatu wa Uholanzi. Ilikaa huko mpaka 1978, iliporudishwa Indonesia.

Kwa hiyo kalenda usiibandue. Ila kama shuleni kuna njia ya kuchapa picha, tafuta mbili nyingine zisizo za Java kabisa, uzibandike pembeni yake. Ya kwanza ni ya James Hakewill, Mwingereza aliyezunguka Jamaika mwaka 1820 na 1821 na kutoa kitabu cha picha mwaka 1825, kikiwa na utangulizi wa kuwatetea wenye mashamba. Jamaika wakati huo ilikuwa na watumwa zaidi ya 300,000. Hakewill alichora shamba la miwa la Montpelier, mali ya mbunge Charles Rose Ellis: majengo meupe, malisho, vilima, utulivu. Ya pili ni litografia ya Adolphe Duperly ya mwaka 1833, mwaka uleule bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa. Shamba ni hilohilo la Montpelier, siku za uasi wa watumwa ulioanza Desemba 1831 chini ya Sam Sharpe. Moto umewaka, moshi umefunika vilima, na watu waliokuwa siafu wamejaa mbele ya picha.

Ziweke sambamba, usiseme kitu kwa dakika tano, umwache huyo mwanafunzi wako aanze yeye.